Darubini ya Kwenda Nayo Lukenya

Jumapili, 6 Februari 1977

Nimechaguliwa! Baada ya ibada kikundi chetu cha matembezi kilikaa nyuma ya kanisa, watu tisa, chai kwenye vikombe vya bati. Tukakubaliana: tarehe 26 tukienda kupiga kambi Lukenya, tunaenda na darubini. Yetu wenyewe. Mwezi uliopita tulikaa kule tukitazama nyota kwa macho matupu, na Mwalimu Andati, mwenyekiti wetu, akituonyesha sayari ya Mshtarii kwa fimbo kama yuko ubaoni. Haikutosha. Watu wanataka kuona!

Nani achague? Rafiki yangu Nthoki akasema bila hata kunitazama: Teresiah. Hakuna aliyebisha. Abishe nani? Miaka kumi na miwili nakagua vitambaa kiwandani. Jora linapita mbele yangu juu ya meza yenye taa, na uzi mmoja ukikatika mimi nimeshauona. Kazi yangu ni kutafuta kasoro. Darubini ni bomba na vioo. Itanishinda nini?

Ninachotaka nakijua. Mtu mmoja aweze kupanda nayo mlima. Ikisimama isitetemeke. Na ionyeshe kitu kisafi, si kivuli cha kitu.

Jumanne, 8 Februari

Nilitoka shifti saa nane nikaenda mjini moja kwa moja, na vumbi la pamba nywelini. Duka la kamera, Biashara Street. Darubini ndefu, nyeupe, ya Japani, ndani ya sanduku la mbao, na stendi ya miguu mitatu inayonifika kifuani. Nzuri kutazama! Muuzaji, mzee mpole mwenye tai, akaisimamisha mlangoni akaielekeza kwenye bango mwisho wa barabara.

Nikaweka jicho. Herufi kubwa, sawa — lakini katikati ukungu. Kama mtu amepulizia kioo pumzi. Nikamwambia lenzi yake ina doa. Akainama, akatazama.

"Mama, mbona mimi naona mpaka kutu ya misumari?"

Nikacheka. Muuza maziwa atakubali kwamba ametia maji? Na ile stendi ni ndefu mno. Nani atapanda nayo Lukenya, punda? Nikaaga.

Alhamisi, 10 Februari

Siku mbaya kwa Mulama. Ni mfumaji wa mashine ya saba, mtu wa Kakamega, mkimya, hana makuu. Jora lake la tatu wiki hii limepinda. Niliweka kile kioo changu kidogo cha kuhesabia nyuzi, ninachokibana kwenye jicho la kulia — nyuzi zinakwenda sawa, halafu katikati zinajikunja kama mkeka uliokaliwa. Nikagonga muhuri mwekundu wa kukataa.

Akaja mezani kwangu, kofia mkononi. "Dada Teresiah, nimepima kwa rula. Zimenyooka."

Nikamjibu: rula ni yako, muhuri ni wangu. Watu wakacheka. Jioni Bwana Kinyanjui, supavaiza, akamtoa kwenye mashine akampeleka godauni kubeba marobota. Miaka kumi na sita ya kufuma, sasa anabeba mgongoni. Pole yake. Lakini kitambaa kibovu kikipita na muhuri wangu, ni jina langu limepita.

Jumamosi, 12 Februari

Eastleigh. Nthoki alisema kuna Msomali anaitwa Wehliye anayeuza vitu vya melini na vya wawindaji, saa, dira, visu. Duka jembamba, mkewe Fowsiya yuko kaunta, yeye kwenye kiti mlangoni. Nikamweleza shida yangu. Akafikiri kwanza. Nilimpenda kwa hilo.

Akaleta ya shaba, ile inayovutwa ikarefuka. Nyepesi! Nikaielekeza kwenye tangi la maji lenye maandishi. Kwanza inacheza — ukihema tu, tangi linaruka. Pili, ukungu. Katikati. Nikamwambia ina kuvu ndani.

Hakubisha. Akaifungua yote, kipande kwa kipande, juu ya kitambaa cheupe, akasafisha kila lenzi, akanipa nizishike kwenye mwanga. Safi kama maji. Akaifunga. Nikatazama tena. Ukungu!

Fowsiya akaja, akatazama, akasoma maandishi ya tangi yote mpaka ya chini kabisa. Nikasema labda ameyazoea, anakaa hapa. Akanitazama vile mtu anavyomtazama mgeni.

Wehliye akaniuliza taratibu, "Dada, unatumia jicho gani?"

"La kulia. Kama kila mtu."

Akalitazama lile jicho. Kisha akatoa nyingine toka rafu ya chini: fupi, nene, ya kijani, ya wawindaji, ina stendi yake ndogo ya kuwekwa juu ya jiwe. Inaingia kwenye mfuko wa unga! Nayo ina ukungu kidogo, lakini alisema nikae nayo wiki moja, niitazame nikiwa nimetulia, nisipoitaka niirudishe. Nikamwachia kitambulisho cha kazi. Mtu muungwana.

Nchi hii ina lenzi mbovu! Tatu kwa tatu!

Jumatano, 16 Februari

Saa moja jioni nimeweka ile fupi juu ya ukuta wa kuanikia nguo. Mtaa wetu wa Jericho wote uko nje, kina mama wanakoka majiko, na nyota ya Zuhura imesimama magharibi inang'aa kama taa ya baiskeli. Nthoki alikuwa ametoka zamu ya mchana hospitalini, bado na sare ya unesi. Akainama kwanza yeye.

"Tere! Ina pembe! Kama mwezi mchanga!"

Zuhura ina pembe? Nikamsukuma. Nikatazama. Donge. Donge jeupe lenye kivuli tumboni. Nikasema darubini hii tunairudisha. Nthoki akanishika bega. Akaniambia, jaribu la kushoto.

Nikajaribu la kushoto.

Pembe mbili. Kali kama zimekatwa kwa makasi.

Nikarudi la kulia. Donge. La kushoto — pembe. Kulia, kushoto, kulia. Nthoki akaniziba jicho la kushoto kwa kiganja chake, akaniambia nitazame fremu ya mlango wa jirani yetu, Mama Phelister. Fremu imepinda. Katikati imejikunja, kama… Nilijua imejikunja kama nini. Sikumwambia.

Alhamisi, 17 Februari

Nimekagua majora kumi na moja kwa jicho la kushoto. Hakuna aliyetambua. Hakuna hata moja lililopinda.

Ijumaa, 18 Februari

Nthoki alinipeleka kwa daktari wa macho anayemfahamu. Dawa ya matone, mwanga mkali, nimekaa saa nzima dunia ikiwa nyeupe. Daktari amesema nyuma ya jicho, pale pa kuonea vitu vidogo, pamevimba. Linaweza kupoa lenyewe. Linaweza lisipoe. Nirudi baada ya miezi mitatu. Tangu lini? Hajui. Miezi, labda. Jicho zuri hulifichia lenzake, ndiyo maana watu hawajui.

"Unafanya kazi gani, mama?"

Nikamwambia. Akaacha kuandika.

Sawa. Sijafa. Jicho moja ninalo, na ni zuri kushinda mawili ya wengine. Mimi siogopi jicho. Ninachoogopa ni kitu kingine na kina jina.

Jumamosi, 19 Februari

Nimerudi kwa Wehliye nikamwambia ukweli mbele ya Fowsiya: darubini yako haikuwa na kuvu. Kuvu ni yangu. Fowsiya akanivutia kiti, akanitilia chai ya viungo. Wehliye akasema alidhani hivyo, ila si adabu kumwambia mtu kasoro yake kabla hajaiuliza.

Basi tukaanza upya, kwa jicho la kushoto. Ile ya shaba: safi! Lakini inacheza, haifai usiku wa upepo. Ile ndefu ya mjini sina haja hata ya kurudi kuitazama, najua mzee wa watu alisema kweli, na najua pia haipandi mlima. Hii fupi ya kijani: imetulia, nyepesi, ikianguka haifi. Haikuzi sana kama ile ndefu, lakini itafika juu. Darubini iliyobaki nyumbani kwa uzito haimwonyeshi mtu kitu!

Nimeichukua. Sina shaka hata kidogo. Na nikirudi na mfuko wangu mkononi nilikuwa najisikia vizuri mpaka nilipopita njia ya kiwandani.

Jumatatu, 21 Februari

Nimemwona Mulama godauni. Robota mgongoni, shingo imeinama. Aliniamkia. Nikaitikia. Basi, ni hayo tu.

Jumanne, 22 Februari

Nimebaki baada ya shifti. Majora yake matatu bado yako kona ya vitu vilivyokataliwa. Nikayafungua moja moja, kioo jicho la kushoto. Nyuzi zimenyooka. Nimehesabu, nimepima kwa rula pia — nimetumia rula, mimi! Kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyopitisha mwezi huu. Na muhuri wangu mwekundu kila pembe.

Nthoki ameniambia jioni nisiwe na haraka. Nitumie la kushoto, nikae kimya, Mulama atarudishwa tu. Ana nia njema. Hataki nipoteze kazi. Nikamuuliza: na akirudishwa bila sababu, wenzake watasema alirudi kwa huruma au kwa haki? Akasema, Tere, wewe hujawahi kushindwa kubishana. Kweli. Lakini mara hii sikubishana naye.

Jumatano, 23 Februari

Nyumbani kwa Mulama, Makongeni, saa kumi na mbili jioni. Mkewe alinikaribisha akidhani nimeleta habari ya msiba, nilivyokuwa nimesimama. Mulama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu kwenye karai la maji ya chumvi. Akataka kuinuka. Nikamwambia akae, kaka, tafadhali kaa.

Nikasema yote. Darubini, Zuhura, daktari, majora matatu, rula. Sikutafuta maneno mazuri. Mkewe alianza kusema kitu kwa Kiluhya, kwa sauti ya juu, na ningekuwa yeye ningesema zaidi. Mulama akamwinulia mkono.

Kisha akatazama mikono yake, ndani na nje. "Nilikuwa nimeanza kuamini imeharibika," akasema. "Kila jioni naitazama. Nasema, hii mikono imezeeka na mimi sijui."

Nililia. Mimi! Sikuwa nimelia kwa daktari.

Nikamwambia Jumamosi nakwenda kwa Bwana Kinyanjui, naye akipenda anipeleke kwa meneja. Mulama akauliza kama nina mtu wa kuniweka nikifukuzwa. Nikasema nina Nthoki, nina kanisa, nina jicho moja. Akacheka kidogo. Mkewe hakucheka. Lakini alinisindikiza mpaka barabarani.

Ijumaa, 25 Februari

Nimempa Nthoki darubini, na kamba ya kuifungia. Nimemwonyesha kusogeza taratibu, asikaze skrubu kwa hasira. Kesho mwezi ni nusu, na Mwalimu Andati anasema hapo ndipo mashimo yake yanaonekana vizuri, kwenye ule ukingo wa kivuli. Wanaondoka saa saba mchana. Nikimaliza mapema nitawakuta. Nisipomaliza, watazame. Nimechagua vizuri, hawatanilaumu kwa hilo.

Jumamosi, 26 Februari

Saa tano asubuhi. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja.

Bwana Kinyanjui alisikiliza amesimama. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mengine mangapi, Teresiah? Tangu lini?" Nikasema sijui. Ni neno ambalo sijawahi kulitamka ndani ya kile kiwanda. Nikamwambia alete yote yaliyokataliwa tangu Krismasi, nitayapitia moja moja kwa jicho la kushoto, na mtu mwingine akague nyuma yangu, na kila nililokosea niandike jina la mfumaji wake. Baada ya hapo wanifukuze au wanipe kazi nyingine, lakini hiyo naimaliza. Alinitazama sana. Akaingia ndani na jora la kwanza la Mulama begani. Ni zaidi ya nusu saa sasa. Nasikia sauti, sisikii maneno.

Nilikuwa peke yangu hapa mpaka dakika kumi zilizopita. Kisha Mulama akaja kutoka godauni, vumbi la pamba mpaka kwenye nyusi. Hakuitwa. Akiacha zamu atakatwa mshahara. Nilimwambia arudi. Akakaa. Ameweka kofia juu ya goti, na mikono juu ya kofia.

Mlango umefunguka. Karani ameita jina langu.

Mulama ndiye aliyeinuka kwanza.