Kofia Yangu Sandukuni Kileleni

Shamba la Iturralde,
Karibu na Tolosa.
11 Februari 1987

Mpendwa mdogo wangu Martzelino,

U hali gani huko Boise? Mgongo umeacha kukusumbua? Mimi ni mzima kama chuma, na ng'ombe wawili wamezaa. Kalamu inanichosha kuliko jembe, lakini habari hii simwachii mtu mwingine akuandikie.

Binti yangu Maider alitaka kunihamishia kwake mjini, ghorofa ya nne. Eti miaka sabini na mitatu si umri wa kuishi peke yangu. Nikamwambia, "Jumamosi nakimbia mpaka kilele cha Aritzondo na kurudi kabla ya kengele ya saa sita. Nikishindwa, nifungie virago." Akakubali. Ushahidi unaujua: unaacha kadi yenye jina lako kwenye sanduku la barua kule kileleni, na atakayeikuta anakurudishia.

Ijumaa theluji ikaanguka mpaka magotini. Unadhani niliahirisha? Saa mbili asubuhi nilikuwa njiani. Msituni nilikimbia hatua fupi fupi, kwa ncha za vidole vya miguu, kama tulivyokuwa tukifuata kondoo. Nilisimama mara mbili tu, tena kufunga kamba za viatu.

Kileleni nikafungua sanduku, nikatia mkono mfukoni. Kadi hamna! Imebaki kwenye koti la kanisani. Basi nikavua kofia, nikaitia mle, nikashuka kichwa wazi. Mimi, ambaye hata kitandani siivui mpaka taa izimwe!

Nilifika uani kengele haijalia. Jirani yetu Kaxiano akaangua kicheko. "Balendin, mwongo mkubwa we! Kofia umeificha zizini. Nyayo zako ziko wapi?" Theluji ilikuwa bado inaanguka, imezifukia zote.

Maider hakucheka. "Baba, bila kadi hakuna ushahidi." Akaanza kukunja mashati yangu.

"Kapande ukatazame," nikamwambia. "Au siku hizi mlima ni wa wazee tu?"

Jumapili akapanda. Alirudi saa tisa, miguu inatetemeka, mashavu mekundu, na kofia mkononi imeganda kama sufuria. Kaxiano alikuwa jikoni kwangu anakula maharage yangu. Kijiko kikamsimamia hewani.

Umesahau huko kwamba kwetu mshindi huvishwa kofia? Maider akasema, "Baba, inama." Nikainama, Martzelino. Hata padri simwinamii. Akanivisha, barafu ikanichuruzika shingoni.

"Haya, kaa kwako," akasema. "Lakini ukipanda tena, tunapanda wote."

Nikamwambia sawa, nitakuwa namsubiri njiani.

Mashati yamerudi kabatini. Kofia ninayo kichwani hapa ninapoandika, bado ina unyevu.

Nisalimie shemeji Begoña na watoto wote. Mungu akulindie magoti yako mpaka urudi tushindane, ingawa unajua nani atatangulia.

Wako akupendaye, asiyehama,
Kaka yako Balendin