Ini la Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi
Nina miaka sabini na sita. Nimezika kaka wanne, vibanda vitatu vya kunyolea na madaktari wawili walionipa mwaka mmoja. Leo daktari mwingine, binti mdogo kuliko mjukuu wangu, ananiambia ini langu limejaa mafuta. Mafuta! Mimi niliye mwembamba kama ufito! Akauliza nakunywa pombe kiasi gani. Mke wangu akadakia, "Huyu? Hata soda anaisusia." Safi. Mara ya kwanza kunitetea.
Damu wamechukua vichupa vitatu. Sikukunja uso.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu. Homa ya ini, ile ya C. Eti nimekaa nayo labda miaka thelathini. Hupita kwa damu. Kirusi changu ni cha aina ya tatu — hicho chenyewe hujaza ini mafuta, hata kwa mtu mkavu kama mimi. Tena kuna la kurithi. Zipo koo ambazo ini la watu wake hushika mafuta upesi. Kwangu anadhani ni yote mawili. Vidonge wiki kumi na mbili, kirusi kwisha. Watoto nao wapimwe.
Akauliza kazi yangu. Kinyozi, miaka arobaini na moja, hakuna kichwa kilichonishinda! Akaacha kuandika. Wembe mpya kwa kila mtu, mzee?
Nikasema ndiyo.
Mke wangu akawa anatazama mkoba wake.

Jumapili, 10 Machi
Basi niandike hapa. Sikubadilisha. Wembe niliutumia mpaka ugome. Na kabla ya kila kichwa niliujaribu kwanza mkononi mwangu, wa kushoto, mteja aone unavyokata. Damu ikichuruzika kidogo, nafuta kwa spiriti. Siku spiriti ipo. Watu walishangilia — huyu ndiye kinyozi! Vinyozi wengine waliiga, wakashindwa.
Mwanangu, huyu fundi wa kuchomelea, nimemnyoa mwenyewe kila Jumamosi tangu ana miaka mitatu mpaka alipooa. Jioni, wateja wakiisha. Wembe ule ule.

Jumatano, 13 Machi
Mwana kapigwa picha ya tumbo. Naye ini lina mafuta! Majibu ya damu Jumanne. Kaja anacheka: "Mzee, wenzangu wamerithi mashamba, mimi umeniachia ini!" Nikacheka naye. Nikamwambia ndiyo, ni ukoo huo, hata babu yako alikuwa na kitambi. Uongo mtupu. Marehemu baba alikuwa mbavu tupu.
Namwomba Mungu iwe ukoo. Ukoo hauna wa kulaumiwa.

Alhamisi, 14 Machi
Chakula hakipiti. Mke wangu kauliza, "Utamwambia lini?" Nimwambie nini, nikafoka. Akasema yeye kauliza tu.

Jumanne, 19 Machi
Hospitali. Benchi la ukutani, daftari juu ya goti. Mwana alikaa kati yetu. Akaninong'oneza, "Baba, acha kujikondesha. Kama ni ukoo, kosa lako liko wapi?"
Nikaanza kwa kigugumizi. Mimi, niliyenyoa wakubwa na wanajeshi huku napiga soga! Nikasema, "Mwanangu, ule wembe wangu —" Nesi akamwita. Akasimama. "Wembe gani tena, Baba? Ngoja nirudi." Akaingia.
Mlango umerudishwa tu, haukufungwa. Nasikia daktari anamwambia akae. Mwana hajacheka.
Akitoka namwambia. Na asije akadhani uzee unanisemesha, mashahidi wapo. Yupo Kipara wa duka la viatu, aliyekalia kiti changu miaka ishirini na kuuona mkono wangu kila mara. Yupo mama yake mwanangu, huyu hapa pembeni, aliyekuwa akimshika kichwa asitikisike.
Sasa hivi huyo mama kakunja mkono wa gauni. Anamwambia nesi naye atolewe damu. Wewe una nini, nikamuuliza.
"Kucha zangu," akasema, "miaka yote ulikuwa unanikatia kwa kitu gani?"