Ufunguo Shingoni mwa Kaka

Chumba cha Mwisho,
Nyumba za Wafanyakazi.
Jumapili, 9 Juni.

Dada yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Shemeji na mabinti hawajambo? Na goti lako, limepoa au bado linakutesa kwenye ngazi? Sisi wazima wa mwili, ila tangu Alhamisi nimekaa roho juu. Keti kwanza ndipo usome.

Unajua kaka yetu amepandishwa cheo, ndiye msimamizi wa chumba chetu cha cherehani hapa kiwandani. Cheo kilikuja na ufunguo. Choo cha wanaume hakina hata komeo. Chetu sisi wanawake kina kufuli, na ufunguo anauning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Ukibanwa unanyoosha mkono, unaomba mbele ya watu, naye anatazama saa. Hata mimi, damu yake, ananikatalia! Mama Pacha, mwenzetu wa kushona, ni mjamzito, na aliacha kunywa maji kazini mpaka akaanguka juu ya cherehani.

Hapo tukapiga simu Tume ya Usawa wa Jinsia, nao wakasema watakuja kukagua. Meneja alipopata habari, kufuli likang'olewa, sabuni ikawekwa, hata pazia la maua. Tukaonywa kwamba atakayefungua mdomo akatafute kazi kwingine.

Alhamisi makamishna wakaja, mama mmoja wa makamo na kijana wa miwani. Wakafungua bomba, wakaridhika. Walikuwa wanaaga, ndipo Mama Pacha akabanwa. Akasahau kabisa kwamba mlango uko wazi, akanyoosha mkono kwa kaka kama kawaida.

"Bosi, naomba ufunguo."

Na kaka yetu, bila kufikiri, akapeleka mkono shingoni.

"Ufunguo gani?" akauliza yule mama. Meneja akacheka, eti ni utani. Kamishna hakumjali, alitutazama sisi. Nilimwangalia kaka, jasho linamtiririka, nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja. Nikasimama.

"Wa choo chetu. Anao shingoni, na aliyempa ni meneja."

Sasa tumeitwa kutoa ushahidi mbele ya Tume mwezi ujao. Wamemwandikia meneja asimfukuze mtu, na kufuli lisirudi. Lakini meneja amembana kaka aseme ule ni ufunguo wa stoo, la sivyo kazi hana. Wifi hasemi nami. Mama analalamika kwamba nimemuuza ndugu yangu. Ninaogopa, dada, sikufichi.

Jana kaka alipita hapa. Hakunisalimia. Aliuweka ufunguo mezani, na kamba yake.

"Wapelekee Tume. Mimi sijui nitasema nini."

Akaondoka. Wewe ndiwe pekee anayekusikiliza, basi mpigie simu. Usimfokee, nakuomba. Mwulize tu kama wewe, uliyembeba mgongoni, angekunyima ufunguo.

Nisalimie shemeji, mabinti, na shangazi mkorofi wa jirani. Mungu awafunike nyote huko, na sisi huku atuvushe salama.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu