Polishi Juu ya Balatumu

Alhamisi, Kashikishi

Ni mimi nilimuangusha, hata kama hakuna mutu anayesema hivyo. Nilitaka balatumu yetu, ule mukeka wa plastiki wa kutandika chini, ing'ae, nikaipaka polishi ya sementi. Kesho yake mama mukwe akateleza. Mufupa haukuvunjika, lakini wiki mbili sasa hashuki kitandani. Anaogopa nyumba yangu.

Bwana yangu alisema, "Toa ile balatumu, tubakie na sementi." Nikakataa. Baridi ya sementi inaumiza miguu ya mama.

Leo nilipiga magoti tangu asubuhi, nikatoa polishi yote na maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha nikapangusa na kitambaa kikavu. Mama mukwe alikuwa ananitazama tu. Saa kumi akauliza, "Mama Neema, imekauka?"

"Imekauka, mama. Nimetembea juu yake, sikuteleza."

Akashusha muguu mumoja, akausugua chini, akashusha wa pili. Nikanyoosha mukono.

"Uniache."

Akafika mpaka mulangoni peke yake, akaanza kusalimia watu wa njiani kwa sauti kubwa. Mimi nikabaki chini na kitambaa changu, machozi yakitoka. Akageuka.

"Unalilia nini? Uniletee kiti."