Magadi ya Mama na Tumbo Lisiloacha Kuwaka

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na nguo nilizofua juzi bado zinanuka unyevu.

Nimechoka. Uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha.

Leo nimewafundisha kidato cha tatu asidi na besi. Ni mada ninayoipenda. Vitu viwili vikali, kila kimoja kinaweza kukuunguza ngozi, ukivichanganya kwa kipimo vinazimana, unabaki na chumvi na maji. Chupa inapata joto kidogo mkononi. Ukitumia magadi inatoka na gesi, povu linapanda, darasa zima linapiga kelele. Kisha nimerudi nyumbani Bondeni, kwenye mada ileile, ambayo hapa nimeifeli.

Mama yangu yuko kwangu tangu tumalize kuvuna mpunga kule kijijini Busale. Tumbo linamwaka. Kila akishakula anakoroga magadi kwenye kikombe cha maji, anakunywa, anasubiri, anabeua kwa sauti. "Ndaga! Kimetoka." Anashukuru kabisa kwa lugha ya kwetu, kana kwamba ugonjwa umeaga na kushika njia.

Ile ni gesi tu, mama.

Nimemweleza mpaka koo limekauka. Hospitali hataki. Nimemwambia bodaboda atamfikisha mlangoni, bima ipo, asubuhi foleni ni fupi. Ananijibu, "Ya nini, na kikombe kinanitosha?" Kuna siku nilinong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nikajiogopa mwenyewe. Walimu wenzangu wananitania: mganga hajigangi. Nacheka nao, lakini inauma.

Jioni hii ameniambia, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi ya mboga, kwamba tangu juzi choo chake ni cheusi kama lami. Hiyo ni damu inayovuja ndani.

Nikachukua glasi. Nikakamua ndimu, nikatia magadi. Povu likapanda, likashuka. Nikampa aonje, ukali umekwisha. Nikakamua ndimu nyingine na nyingine, akaonja tena, akakunja uso.

"Umeona, mama? Magadi yamemaliza kazi yake, ukali umerudi. Tumbo lako linajikamulia ndimu kila saa, na humo ndani pana kidonda."

Nilijua atabisha. Akaiweka glasi chini taratibu.

"Najua kinarudi, mwanangu. Si mimi ninayelala nacho?"

Sasa kwa nini? Nilimuuliza kwa ukali, nakiri, maana hofu ikinishika mimi huwa nafoka. Akasema baba alipolazwa, yeye alibaki shambani kufukuza ndege wasimalize mpunga, kwa sababu kila mtu alisema ni homa ndogo. Alipofika wodini, baba alikuwa ameshafariki. Nesi akamwambia mzee alikuwa akimwita usiku kucha.

"Sitaki na mimi niite mtu ambaye hayupo."

Mwezi mzima nimebishana naye kuhusu kemia. Yeye kemia yake anaijua. Alichokuwa anaogopa ni kulala kule peke yake. Ningeuliza mapema, ningejua mapema.

Nimempigia mkuu wa shule kumwambia kwamba kesho siji, na Jumatatu sijui. Ameguna, akasema nimpe pole mama. Nimefungasha kanga mbili, chupa ya uji, na blanketi langu mwenyewe. Nilitaka tungoje asubuhi, mvua ikatike, lakini damu haingoji mvua.

Tumekaa mlangoni tunasubiri bajaji. Mama amevaa viatu vyake vya kanisani. Amenishika mkono wa kushoto na hataki kuuachia, kwa hiyo haya nayachapa kwenye simu kwa kidole kimoja.

Niko hapa, mama. Ukiita usiku, nitaitika.