Mama, Wewe Hukuwa Mnene

Mama wee,

Tangu juma lililopita sipati usingizi, na sababu yake ningekuambia wewe tu. Mtoto uliyemwacha tumboni mwangu alizaliwa msichana. Tumempa jina lako, Mwansa. Kila Alhamisi akina mama wa kambi hii ya wafanyakazi tunapeleka watoto kwa masere, yule mtawa muuguzi, wapimwe kilo, na kilo ya Mwansa haipandi kama ya wenzake. Alhamisi iliyopita masere alikunja uso. Akasema ikiendelea hivi, mtoto atalazwa hospitalini, apewe maziwa ya chupa. Mama, unajua vile ninavyoiogopa hospitali ile. Wewe uliingia mule kwa miguu yako mwenyewe.

Mama mkwe wangu naye hanyamazi. Kutwa nzima: "Mutoto iko mifupa tu! Kwetu hatuzalaka batoto ba hivi. Hata mama yako alikuwa munene."

Mnene. Wewe!

Yeye alikujua miezi ile ya mwisho tu. Hakukuona kwetu Kilwa, kule ziwani, mrefu, mwembamba, kitambaa kinakuzunguka na bado kinabaki, kapu la samaki wakavu kichwani, na wanaume unawaacha nyuma njiani. Tulikuwa tunakutania kwamba siku moja upepo utakubeba. Wewe ukacheka: "Miye siko mugonjwa. Ni vile Mungu alinikata."

Kisha ukaja huku Élisabethville kunitunza mimba, mashavu yakajaa. Kambi nzima ikafurahi. Unawajua watu wa hapa: mama akinenepa nyumbani kwa mkwewe, sifa ni ya mwanaume. Majirani wakaja kukutazama, wakampongeza mume wangu kwa kukutunza, naye akatembea kifua mbele na kuongeza nyama. Siku ile tulipokwenda kununua unga, wanawake wakakupandisha kwenye mizani ya magunia, kwa mchezo tu. Sindano ikaenda mbali. Tukapiga vigelegele mpaka mwenye duka akatoka nje kuona kuna nini. Nilipiga na mimi. Nilifurahi, Mama, nilifurahi kweli.

Na yalikuwa maji. Mwili wako ulikuwa umejaa maji.

Viatu vilikataa miguu yako, ukasema ni joto la mji. Ukaanza kulala umeketi, ukasema mgongo. Ungesema nini kingine? Kutamka kwamba unaumwa, ndani ya nyumba ya mkwe anayesifiwa kwa unene wako, ilikuwa kumtia haya mbele ya kambi yote. Ukanyamaza kwa kumheshimu. Heshima gani hiyo, Mama! Mpaka sasa nakasirika, na sijui nimkasirikie nani. Mume wangu mwenyewe hapiti tena mbele ya duka lile. Anazunguka kwa nyuma.

Hospitalini munganga alikubonyeza mguu, na shimo la kidole chake likabaki pale pale. Moyo umechoka, akasema. Wakawa wanakutoa maji, na kila asubuhi nilipokuja nilikuona unarudi: mashavu yako, mifupa ya shingo, mikono yako mirefu. Nikadhani unapona, kwa sababu ulikuwa umefanana nawe tena. Niliwaambia hata majirani. Jumapili tukakuzika.

Basi leo nimempeleka Mwansa, roho juu, mama mkwe nyuma yangu. Safari hii munganga alikuwepo. Kilo aliitazama, lakini hakuishia hapo. Alimlaza mtoto mezani, akamnyoosha miguu, akampima urefu toka utosini hadi kisiginoni. Akambana nyama ya paja, akatazama macho na ulimi, akampa kidole akivute. Halafu akaniambia kilo peke yake haisemi kitu mpaka uiweke pamoja na urefu. Huyu ni mrefu kupita wenzake, anakua, ananyonya, anacheka. Mwili wake ndio huu. Akauliza: katika jamaa yenu, nani ameumbwa hivi?

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Hakuna, Munganga."

Nikasema, "Mama yangu."

Nikalia, Mama. Mbele ya wanawake wote waliopanga mstari na watoto wao, nililia mpaka masere akamchukua Mwansa mikononi mwake, asije akaniponyoka.

Hakuna chupa, hakuna kulazwa. Tumerudi nyumbani. Ameshiba, amelala hapa pembeni yangu ninapoandika.

Pumzika sasa, Mama. Nimekuombea Misa, na nitakuombea tena. Huku kambini wote wanakukumbuka kwa uso ambao haukuwa wako, nimebaki mimi tu ninayeujua wa kweli. Lakini nakuahidi jambo moja. Mwansa akikua, akiniuliza nkambo yake, huyo bibi aliyemrithi jina, alikuwa mtu wa namna gani, sitamwacha aambiwe na majirani. Nitamshika mikono yake mwenyewe, nimwambie aitazame vizuri.

Mwanao,
Yuliana