Pembe ya Mbele Kushoto

Lemayian, fundi wangu,

Sopa. Leo hakuna wa kuniitikia "epa", lakini nakusalimu tu, mazoea yana taabu. Ni miezi minne tangu tukuzike kule Kajiado, na gereji yako ya Kitengela bado iko wazi. Ilibaki kidogo tu niifunge mimi mwenyewe.

Alikuja mwalimu mmoja mstaafu wa Ngong na Landrova kuukuu aliyoachiwa na babake. Alikuwa ameiingiza mtaroni, chasisi ikapinda, gari likawa linaenda upande kama mbwa aliyefukuzwa jikoni. Alisema ikinishinda ataipeleka Nairobi. Mkeo naye akaniambia wazi: "Baba Nekesa, hii ikikushinda, mimi nitauza vyombo vya gereji." Sikumlaumu. Ana watoto wa kusomesha.

Nikaiinua juu ya mawe, nikapima usawa wake kwa ule mpira wako wa maji. Pembe ya mbele kushoto ilikuwa chini kwa vidole viwili. Nikafurahi kama mjinga, nikawasha gesi niipashe moto niinyooshe. Hapo nikakusikia: "Mzee, kabla ulaumu gari, angalia imesimama wapi."

Mzee! Ulipenda kunichokoza. Nilipunguzwa kazi ya ukarani miaka ile ya tisini, mvi zimeshaanza, nikaja kuwa mwanafunzi wa kijana niliyemzidi miaka kumi na mitano. Wengine walicheka. Wewe ulinipa ovaroli na chai, ukaniambia nishike spana.

Basi nikazima gesi, nikainama. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi wa hapa unaujua. Jiwe la pembe ile lilikuwa limezama. Chasisi pale haikuwa na kasoro yoyote, na mimi nilikuwa karibu kuipinda kwa mikono yangu. Jasho lilinitoka, Lemayian. Nikatandika mbao chini ya mawe yote, nikapima upya, na ubovu ukajitokeza nyuma, upande wa kulia, upana wa kidole kimoja. Nikauvuta kwa mnyororo na jeki, bila moto, polepole, siku mbili nzima.

Mwalimu akaenda kulijaribu barabara ya Namanga. Aliporudi akasema aliachilia usukani kidogo na gari halikuyumba. Nililia mbele ya wateja. Cheka tu.

Asante, ndugu yangu. Nilikuja kwako nikidhani maisha yangu yameisha, na leo watoto wangu wanakula kwa kazi uliyonifundisha. Sikuwahi kukuambia ukiwa hai. Niliona haya.

Juzi mkeo aliniuliza kibao cha gereji kiandikwe jina gani sasa. Nikamwambia aache lako. Kwa hivyo nikiharibu gari la mtu, watasema ni Lemayian aliyeharibu. Nakuahidi hawatasema hivyo.

Pumzika salama.

Barasa